Geji inasoma 72 na 118: je, kompresa imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Mikindani, Mombasa, nina Golf ya 2008 iliyotoka Japani. AC yake ilikuwa kali, lakini tangu kaskazi ianze inatoa upepo wa vuguvugu tu, na nikikwama kwenye foleni ya Makupa ni kama nimekaa tanurini. Fundi wa jirani alifunga geji. Gari likiwa limezimwa, upande wa bluu na upande mwekundu zote zilisoma 100. Alipowasha, bluu ikawa 72 na nyekundu 118, na hata akipiga resi mishale haisogei. Anasema gesi imejaa, ila kompresa imekufa kwa sababu AC ikiwashwa magneti haiingii. Anataka shilingi 35,000 aweke ya mtumba. Nimpe? Na hizo namba zilitakiwa ziwe ngapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Usimpe bado. Huenda kompresa ikawa imekufa kweli, lakini kwa vipimo ulivyoniandikia hakuna anayeweza kulisema hilo kwa uhakika. Fundi wako amekwambia mambo matatu: gesi imejaa, magneti haiingii, kompresa imekufa. La kwanza geji haiwezi kulijua. La pili halina maana kwenye gari lako, na nitakueleza kwa nini. La tatu ndilo la kupimwa, na kipimo chake ni kidogo kuliko unavyodhani.

Nianze na ile 100. Kumbuka tu kwamba bluu husoma upande wa presha ndogo, gesi inaporudi kwenye kompresa, na nyekundu upande wa presha kubwa, inapotoka. Fikiria mtungi wa gesi ya jikoni. Ukiwa umejaa au umebaki robo, moto wa jiko ni uleule. Ndiyo maana watu huutikisa au kuupima kwenye mizani wakitaka kujua umebaki kiasi gani. Maadamu ndani kuna kimiminika, presha yake hufuata joto, haifuati wingi. Gesi ya gari lako, R134a, ina tabia hiyohiyo. Kwenye joto la nyuzi 31 husoma takriban 100 psi (kipimo cha presha kilicho kwenye geji), iwe ndani kuna gramu 525 au nusu yake. Ukilipeleka gari hilohilo Limuru, asubuhi yenye nyuzi 15, geji itasoma chini ya 60, na hakuna hata tone lililovuja njiani. Kwa hiyo 100 aliyoiona fundi wako ilimwambia mambo mawili tu: kwamba mfumo haujawa mtupu, na kwamba siku hiyo Mombasa kulikuwa na joto la kawaida la Mombasa. Haikumwambia kuwa gesi imejaa.

Wingi wa gesi unajulikana kwa mizani. Fungua boneti utafute kibandiko cha AC, mara nyingi kiko mbele, juu ya rejeta. Golf za umri huo huandikwa gramu 525, pungufu au zaidi ya hapo 25. Fundi mwenye mashine huitoa gesi yote, akaipima, akavuta hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi, kisha akarudisha gramu zilizoandikwa. Akitoa gramu 480, unajua gesi si tatizo. Akitoa 210, kuna mahali panavuja, na patafutwe kabla ya kujaza. Akitoa 800, basi aliyejaza kabla yake alikuwa akifuata geji.

Sasa magneti. Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wanapotea njia, kwa sababu walijifunza kazi kwenye kompresa za namna moja.

Kompresa waliyoizoea ni ya ujazo usiobadilika. Ipo ya pistoni, kama zile za Denso za 10PA na 10S: ile 10 ni idadi ya silinda, pistoni tano zenye vichwa viwili kila moja, zikisukumwa na sahani iliyofungwa mshazari kwenye shafti. Ipo ya konokono, vipande viwili vilivyojikunja kama gamba la konokono, kimoja kimetulia na kingine kinazunguka ndani yake kikibana gesi kuelekea katikati. Vitz nyingi zinayo. Ipo pia ya vibapa vinavyoteleza ndani ya silinda ya mviringo. Zote hizi hazina namna ya kupunguza kazi. Ama zinabana kwa ujazo wote, ama zinasimama, na kinachoziwasha na kuzizima ni magneti kwenye puli. Ukiwasha AC unasikia "tak", kipande cha mbele kinanasa, mshale wa bluu unateremka; kipoza hewa kilichomo ndani ya dashibodi kikikaribia kuganda, "tak" tena, inaachia, mshale unapanda. Kwenye Probox ya zamani utauona mshale ule ukipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Golf yako haina kitu hicho. Imefungwa kompresa ya ujazo unaobadilika, inayoamriwa na kompyuta. Kwa kizazi hicho ni Denso ya jamii ya 7SEU au Sanden ya PXE16, kibandiko kilicho kwenye mwili wake kitakuambia ipi. Puli yake inazunguka na shafti muda wote injini inapowaka, uwe umewasha AC au umeizima. Hakuna "tak" kwa sababu hakuna magneti. Anayesubiri iingie atasubiri mpaka magharibi.

Badala ya magneti kuna sahani inayoweza kubadilisha mlalo. Ikilala sana upande, pistoni zinakwenda mwendo mrefu na gesi inabanwa kwa wingi. Ikikaribia kusimama wima na shafti, pistoni zinatikisika kidogo tu, asilimia chache za ujazo wote, kiasi cha kuzungusha oili ili chuma kisilane. Anayeamua mlalo ni valvu ndogo ya umeme, ndefu kama kidole, iliyochomekwa nyuma ya kompresa. Vitabu vya Volkswagen huiita N280. Valvu hii inatawala presha iliyo nyuma ya pistoni, ndani ya tumbo la kompresa. Ikipata umeme, inaziba njia ya gesi ya presha kubwa kuingia tumboni, tumbo linapungua presha, sahani inalala, ubaridi unakuja. Ikikosa umeme, njia inafunguka, tumbo linajaa presha, sahani inasimama.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo. Valvu ikikosa umeme, kompresa nzima kabisa, mpya kutoka kwenye boksi, itakuonyesha geji ileile ya kompresa iliyokufa. Bluu itakuwa juu, nyekundu itakuwa chini, na ukipiga resi mishale haiendi popote. Hiyo ndiyo 72 na 118 yako.

Zisome namba hizo kwa joto na zitakuwa na maana zaidi. Uso wa geji nzuri una duara za ndani zilizoandikwa nyuzi kwa kila gesi, wengi hawaziangalii. Kwa R134a, 72 psi ni kama nyuzi 22. Yaani kile kipoza hewa kina nyuzi 22, na ndiyo sababu unapata vuguvugu badala ya moto kabisa. 118 ni nyuzi 36, nyuzi chache tu juu ya hewa ya nje. Kondensa, ile iliyo mbele kama rejeta inayotoa joto la gesi nje, haiwezi kutupa joto la maana ikiwa yenyewe haijapata moto. Kompresa inazunguka bila kubana.

Uliuliza zilitakiwa ziwe ngapi. Namba hazina maana bila masharti, kwa hiyo nakupa vyote pamoja. Vitabu vya Toyota, ambavyo mafundi wetu wengi wanavitumia kama kipimo hata kwa magari mengine, vinataka injini ishikwe kwenye mizunguko 1500 kwa dakika, feni ya ndani ipige mwisho, kidude cha joto kiwe kwenye baridi kabisa, hewa izunguke ya ndani, na hewa inayoingia iwe kati ya nyuzi 30 na 35. Hapo bluu iwe kati ya 21 na 36 psi, nyekundu kati ya 199 na 228. Kwa nyuzi, bluu inacheza karibu na sifuri, na nyekundu iko kwenye 55 hadi 60, yaani nyuzi ishirini na kitu juu ya joto la nje. Golf yako ikiwa nzima, kwenye joto lenu la Februari, itakaa humo humo. Ukienda sehemu ya baridi nyekundu itashuka sana, na hiyo si kasoro.

Kuna jambo moja kuhusu ile bluu. Kompresa inayobadilika hujirekebisha ili kuishikilia karibu na 30, hata kama gesi imepungua kiasi au imezidi kiasi. Ndiyo maana kuijaza gari ya aina hii kwa kutazama bluu mpaka ifike namba fulani ni kubahatisha. Kwenye kompresa ya zamani mazoea hayo yalikuwa na unafuu kidogo. Kwenye hii hayana.

Nikuonyeshe pia jinsi sura nyingine zingeonekana, ili uone kwa nini yako inaelekea upande mmoja. Gesi ikipungua sana huku kompresa inabana, bluu na nyekundu zote zinakuwa chini. Bluu inaweza kusoma 10 na nyekundu 120. Ekspansheni, yaani valvu yenye tundu jembamba linalopitisha gesi kwenda kwenye kipoza hewa, ikiziba, bluu inazama mpaka chini ya sifuri. Unyevu ukiwa ndani, itakwenda vizuri dakika kumi, kisha tone la maji linaganda kwenye tundu lilelile, bluu inazama, ubaridi unapotea, barafu ikiyeyuka unarudi. Kondensa ikiziba vumbi, au feni ya mbele ikifa, au gesi ikizidi, zote mbili zinapanda, nyekundu inaweza kupita 300, na tatizo linajitokeza zaidi kwenye foleni kuliko barabara kuu. Hilo la mwisho lina kipimo cha bure: mwagia kondensa maji ya ndoo taratibu huku geji imefungwa. Nyekundu ikiporomoka na upepo ukawa baridi papo hapo, tatizo ni hewa inayopita pale mbele. Yako haifanani na hata moja kati ya hizi. Upande wa bluu ukiwa juu na mwekundu chini, kuna kitu hakibani.

Kipi sasa? Fuateni mpangilio huu, na usikubali aanze mwisho.

Chukua chaki. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mkononi mwako, piga magoti mbele ya gurudumu la kulia au upande kompresa iliko, mulika kwa tochi, uchore mstari mmoja kutoka ukingo wa puli kuvuka mpaka kwenye kitovu chake. Washa injini dakika moja, AC ikiwa imewashwa, kisha zima, ngoja isimame kabisa, angalia tena. Mstari ukiwa bado umenyooka, puli na shafti zinazunguka pamoja. Ukiwa umekatika, nusu iko huku na nusu kule, basi kile kiungo cha katikati kimevunjika. Kimewekwa makusudi kuwa dhaifu: kompresa ikikwama, kinakatika chenyewe ili mkanda usikatike ukakuacha bila chaji ya betri. Kikiwa kimevunjika, mwambie fundi azungushe kitovu kwa mkono. Kikizunguka laini, huenda puli pekee inahitajika. Kikigoma au kikikwaruza, hapo kweli kompresa imekwisha.

Mstari ukinyooka, nendeni kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, sehemu ya AC. Magari ya Volkswagen yana ukarimu ambao mengi hayana: yanakuandikia kwa nini yamekataa kuiamrisha kompresa. Presha ndogo mno, presha kubwa mno, injini imechemka, umeme wa betri mdogo, joto la nje dogo mno. Hilo la joto la nje huwashangaza watu wa Pwani, lakini sensa yake iko mbele, nyuma ya bampa, na bampa likigongwa kidogo tu waya wake hukatika. Angalia dashibodi yako. Ikikuonyesha vistari tupu au nyuzi za barafu mchana wa Mikindani, kompyuta inaweza kuikatalia kompresa ikiamini uko kwenye theluji. Sensa ya presha iliyo kwenye bomba nayo ikifa, majibu ni hayohayo.

Kwenye mashine hiyohiyo soma mkondo wa N280. AC ikiombwa ipoze kwa nguvu zote, mkondo unapaswa kupanda kupita nusu amperi. Ukibaki sifuri, kompresa haina kosa, haijaambiwa ifanye kazi. Tafuta fyuzi, waya, soketi, au sababu iliyoandikwa kwenye kompyuta. Ukipanda vizuri na mishale ya geji ikabaki 72 na 118, ndipo valvu au kompresa inaposhukiwa. Chomoa soketi, pima koili ya valvu kwa mita: kwa kompresa za Denso omu 10 hadi 11 ndiyo afya. Mita ikionyesha njia imekatika, mgonjwa ni valvu. Lakini omu zikiwa sawa haina maana valvu ni nzima, kwani inaweza kuwa imekwama kwa uchafu.

Soketi yenyewe iangalieni kwa macho kabla ya kuilaumu kompresa. Miaka iliyopita nililetewa Passat ambayo ilikuwa imekwisha kubadilishwa kompresa mara mbili huko ilikotoka. Mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu, na fedha ile ilimuuma. Nilivuta soketi ya valvu, ikatoka na unga wa kijani kama kutu ya sufuria ya shaba; kipini kimoja kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari mpaka kikabaki kama sindano. Tukakata, tukaunga soketi mpya, tukapima gramu, bluu ikateremka 29 mbele ya macho yake. Kompresa zote tatu, pamoja na ile ya kwanza iliyotupwa, sidhani zilikuwa na kosa. Tangu siku ile sigusi boliti ya kompresa kabla ya kuvuta soketi.

Ikithibitika ni valvu, inauzwa peke yake na bei yake ni sehemu ndogo ya kompresa. Inatolewa kwa kufungua pini ya duara nyuma, gesi ikiwa imetolewa yote. Fundi akiichomoa, akutazamishe kichujio chake kidogo. Kikiwa safi, weka valvu mpya. Kikiwa na vumbi linalong'aa kama rangi ya fedha, kompresa inajila yenyewe, na hapo utanunua. Ikifika huko, kompresa peke yake haitoshi. Kondensa za siku hizi zina vijitundu vyembamba sana, vumbi lile haliwezi kuoshwa likatoka lote, na litaiua kompresa mpya. Kondensa na draya yake, kile kinachonyonya unyevu, vibadilishwe pamoja. Asiuoshe mfumo kwa petroli, naona bado wapo wanaofanya hivyo. Oili iwe ya aina iliyoandikwa na kwa kipimo kilichoandikwa. Na kama ni ya mtumba, iwe ya namba ileile, iliyozibwa midomo yake, na uizungushe kwa mkono kabla hujalipa. Akikwambia atakufungia ya Toyota yenye magneti, kataa. Kompyuta ya Golf haina amri ya kuipa.

Kwa kuwa siku hizi Aqua na Prius zimejaa kila mtaa, niseme na hili kwa wengine wanaosoma. Kompresa za magari hayo hazina mkanda. Zinaendeshwa na umeme wa betri kubwa, ambayo kwenye Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, ilikuwa volti 201.6, kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Oili yake ni ya pekee, isiyopitisha umeme, Denso wanaiita ND-OIL 11. Oili ya kawaida ya PAG ikiingia humo, hata ile iliyobaki kwenye mipira ya geji, inaharibu kinga ya umeme ya kompresa na gari linaweza kugoma kabisa. Fundi asiye na vifaa vya umeme huo asiiguse.

Unajiuliza labda kama unaweza kuendelea kuliendesha gari wakati haya yakifanyika. Unaweza, mradi gesi ipo na husikii mkwaruzo kwenye puli. Lakini kumbuka kompresa yako haipumziki hata AC ikiwa imezimwa, na oili yake inasafiri ndani ya gesi. Kwa hiyo fundi akiitoa gesi ili kutafuta mvujo, asikurudishe barabarani na mfumo mtupu kwa wiki nzima eti mpaka spea ifike. Aurudishie gesi kwa mizani, akuandikie kwenye karatasi gramu alizotoa na alizorudisha, na mkondo wa N280 aliousoma. Niletee namba hizo tatu, nitakwambia kama hizo 35,000 zina kazi.